Waliokuwa Ndani ya Lango

Mwishoni mwa Oktoba, Mwalimu Nélida Choque alibakiwa na kazi moja tu katika darasa la mwisho: kurudia na wanafunzi wake, kabla ya mtihani, ile tanzia ya kale, Lango la Valmora. Wizara ndiyo iliyoichagua, huko mji mkuu, bila kumwuliza mtu wa Cerro Pardo, mji wa machimbo. Angeulizwa yeye, angewaambia wachague kitabu kingine chochote, hata cha ngano za mbweha, lakini si hicho, na si mwaka huo.

Mwaka huo, mwezi wa Aprili, moto ulishika magogo yaliyotegemeza paa la mgodi wa ushirika. Msimamizi wa zamu, Saturnino Colque, aliufunga mlango wa chuma ulio kati ya njia kuu na ngazi ya chini, moshi usiwafikie watu waliokuwa wakichimba huko. Wa ngazi ya chini walitoka wote kwa njia ya nyuma, wanakohoa lakini wazima. Waliokuwa upande wa pili wa mlango, ulikokuwa moto, hawakutoka. Mmoja wao alikuwa Rómulo, mdogo wake Nélida, kitinda mimba wa mama yao, doña Primitiva. Tume ilipokuja kumhoji Saturnino, aliapa kwamba hakusikia kitu nyuma ya mlango ule. Daktari naye akasema moshi wa namna ile humlaza mtu usingizi kabla hajajua kinachompata. Maneno hayo mji mzima ulijifunika kama blanketi. Walilala. Hawakuteseka. Walilala tu.

Na binti wa Saturnino, Yovana, alikaa dawati la dirishani katika darasa la Nélida. Baba yake wa ubatizo alikuwa Rómulo.

"Haya," Nélida alisema asubuhi ile, mikono kaifumbata ndani ya shali, maana baridi ilikuwa imeingia mpaka kwenye chaki. "Nani atanipa msuko kwa maneno machache? Gróver, wewe mdomo wako haupoi. Simama."

Gróver alisimama kwa mguu mmoja kama korongo. "Mji umezingirwa, Mwalimu. Chakula kimekwisha. Wanaume wametoka kwenda kutafuta cha kula, na Beltrán ndiye mwenye funguo za lango. Ameapa mbele ya askofu kwamba akiona vumbi la adui atalifunga, hata kama mamake mzazi yuko nje."

"Mamake hayumo kitabuni."

"Ni chumvi kidogo tu, Mwalimu. Basi, akaona vumbi, akafunga. Kumbe ni vumbi la ng'ombe! Ni shemeji yake huyo anarudi na nyama ya mji mzima."

Darasa likacheka. Hata Nélida alitabasamu.

"Na nyuma ya ng'ombe?"

"Nyuma ya ng'ombe alikuwapo adui kweli," Gróver akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Wakamalizwa palepale langoni. Mji ukapona. Halafu dada yake Beltrán, Inés, mjane wa shemeji huyo, akamlaani, na wale waimbaji wa mji wakamlaani, naye akatoka nje peke yake bila silaha. Hakurudi."

"Vizuri. Kaa. Tuje kwa wahusika. Beltrán ni mtu wa namna gani?"

"Mwuaji," ilitoka sauti nyuma.

Alikuwa Limbert Mamani. Baba yake alikuwa amezikwa siku moja na Rómulo. Tangu Aprili kijana huyu alikuwa amerefuka na kukonda, kama mmea uliooteshwa gizani.

"Jibu la neno moja halipati alama, Limbert. Eleza."

"Nieleze nini mimi? Mwulize Yovana. Yeye ndiye anayekula meza moja na mwuaji. Anajua hata anavyotafuna."

Hakuna aliyecheka. Yovana hakugeuka. Alielekeza macho kwenye kioo cha dirisha, lakini shingo yake ilipanda wekundu taratibu mpaka masikioni.

Nélida alijua la kufanya. Miaka yote ya ualimu wake hakuwahi kumwachia mtoto amtukane mwenziwe mbele yake. Karipio lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini ndani yake, mahali asipopapenda, kitu kidogo kilifurahi, na kile kitu kikamshika ulimi. Aligeukia ubao.

"Mbinu za kisanaa," alisema. "Nani atanipa mfano wa kinaya?"

Kisha mkono mmoja ulinyanyuka, na ulikuwa wa Yovana.

"Onyesho la tatu," alisema, sauti haitetemeki. "Beltrán anamwuliza askari, 'Sauti gani hiyo?' Askari anajibu, 'Upepo, bwana.' Sisi tunaosoma tunajua ni ngumi za watu. Yeye hajui."

"Au anajua," Limbert akasema.

"Au anajua," Yovana akakubali, na akakaa.

Kengele ilipolia wote walitoka mbio kwenda kunywa uji moto langoni mwa shule. Yovana alibaki akikusanya vitu vyake polepole, kisha akaja mezani.

"Mwalimu, wakiuliza dosari ya shujaa, niandike nini?"

"Kiburi. Ndivyo wanavyotaka. Alijiona yeye na kiapo chake ni wakubwa kuliko damu."

"Nimeisoma tena na tena. Kiburi sikioni. Naona woga."

"Woga hawaupi alama, Yovana."

Msichana alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Alifika mlangoni, akasimama. "Na lingine, Mwalimu. Wale waimbaji, wale wanaosimama pembeni na kumlaani mpaka mwisho. Hawana majina. Lakini ndio waliokuwa ndani ya lango. Wanaimba kwa sababu wako hai, na wako hai kwa sababu alifunga. Hilo nalo lina jina lake?"

Nélida alianza kufuta ubao. "Nitalitafuta," alisema. Hakulitafuta.

Siku za wafu zikafika, zile siku mbili ambazo roho huja kula na jamaa zao. Ilikuwa mara ya kwanza roho ya Rómulo kurudi nyumbani, kwa hiyo doña Primitiva alioka mikate ya sura za watoto siku nzima, akaipaka mayai ing'ae. Siku ya pili, jua likiwa utosini, walipandisha kila kitu makaburini na kutandika meza juu ya kaburi: mikate, machungwa, miwa, maua meupe, na bakuli la supu ya karanga, kwa sababu Rómulo alikuwa mlafi wa supu ya karanga. Bendi ya ushirika ilikuwa inapiga tarumbeta upande wa juu. Watu walipita kaburi hadi kaburi, wakipiga magoti na kuombea wafu wa wenzao, na kila aliyeomba alipewa mkate na kikombe cha kileo. Mwenye kuomba hanyimwi, hata awe adui yako, kwani roho hula kwa kinywa chake. Hivyo ndivyo doña Primitiva alivyowafundisha wanawe wote wawili tangu wadogo.

Saturnino alikuja akiwa amevaa koti lake la Jumapili, kofia mkononi. Yovana alikuwa nyuma yake, hatua chache. Watu waliokuwa karibu walimpisha. Alipiga magoti moja kwa moja juu ya udongo, akaomba Baba Yetu mpaka mwisho, na Salamu Maria, kwa sauti ya kusikika, kama inavyotakiwa. Doña Primitiva alimpa mgongo, akaanza kunyoosha maua ambayo hayakuwa yamepinda.

Nélida alichukua mkate. Saturnino alinyanyuka, akakinga mikono. Nélida alimnyooshea mkate, lakini vidole vyake havikuuachia.

"Compadre," alimwambia kwa sauti ya chini, kwa jina la undugu wa ubatizo ambalo Rómulo alikuwa akimwita. "Nijibu mbele yake huyu aliyelala hapa. Kweli hukusikia kitu?"

Saturnino alitazama ule mkate. Alikuwa amezeeka, mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Nilisikia," alisema.

"Ulisikia nini?"

"Walikuwa wanagonga kwa nyundo. Nikajiambia ni mawe yanaanguka. Halafu Rómulo akaniita. 'Satu, fungua, ni mimi.' Hakuwa analia. Aliniita kama mtu anavyokuita mlangoni kwako siku ya Jumapili." Aligeuza kiganja chake. "Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo, Nélida. Moshi ulikuwa unapenya chini ya mlango. Ngazi ya chini kulikuwa na watu wengi, vijana tu. Nikauondoa mkono. Akaendelea kuniita. Nikasimama pale mpaka alipoacha."

Tarumbeta ziliendelea kulia. Nélida aliurudisha mkate mezani, akauweka pale ulipokuwa, kati ya machungwa. Saturnino aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa alichokitarajia, akavaa kofia na kuondoka.

"Umempa?" doña Primitiva aliuliza bila kugeuka. Masikio yake yalikuwa mazito siku hizo. Hakuwa amesikia neno.

"Hapana, mama."

"Vizuri."

Nélida alisimama akijua jambo ambalo mama yake, hatua moja kutoka kwake, halijui, na akaapa moyoni kwamba hatalijua kamwe. Walilala tu. Alitaka liwe hivyo mpaka mama anaingia kaburini.

Lakini jambo lililofungiwa miezi yote likishapata ufa halizibiki. Kwenye kaburi la Mamani, Saturnino alipiga magoti tena. Doña Asunta, mamake Limbert, alikuwa mwanamke wa desturi kuliko wa kinyongo. Alimpa mkate, akampa na kikombe. Saturnino hakuvipokea. Bila kuulizwa na mtu, akamweleza yote.

Nélida alisikia mayowe ya Asunta, kisha akaisikia bendi ikinyamaza, chombo kimoja baada ya kingine. Alipogeuka, watu walikuwa wanakimbia kutoka kila upande wa makaburi. "Walikuwa hai!" mtu alipiga kelele. "Walikuwa wanagonga, na mbwa huyu anasikiliza!" Halafu jiwe la kwanza likaruka.

Alikimbia. Alipofika, Saturnino alikuwa chini, damu inamtoka sikioni, na Yovana amemlalia juu, mikono imemzunguka kichwa. Mawe yalikuwa yamepungua kwa sababu ya msichana, lakini mduara ulikuwa unakazwa. Mbele kabisa alisimama don Fortunato, mchimbaji wa makamo, jiwe mkononi la ukubwa wa mkate.

"Ondoka hapo, mtoto," alikuwa anasema. "Ondoka nisije nikakuumiza wewe."

Nélida alijipenyeza, akasimama kati yao. "Don Fortunato. Aprili ulikuwa ngazi gani?"

"Usiniletee shule hapa, Mwalimu. Mdogo wako alikuwa anamwita, umesikia? Anamwita kwa jina!"

"Nimesikia kabla yako. Nakuuliza ulikuwa ngazi gani."

Don Fortunato aligeuza jiwe mkononi.

"Na wewe, Hilarión? Na wewe, Severo, uliyesimama nyuma ya mwenzio? Semeni mama zenu wasikie. Mlikuwa ngazi gani?"

"Ya chini," don Fortunato alisema hatimaye. Uso wake ulianza kuvurugika. "Ya chini, Mwalimu. Unadhani sijui? Kila nikipita sokoni wajane hawa wananitazama kana kwamba nimevaa koti la waume zao. Nifanye nini na uhai huu? Niambie wewe uliyesoma!"

Jiwe lilidondoka mkononi mwa don Fortunato, likalala karibu na kiatu chake. Wengine waliachia yao mmoja mmoja, bila kutazamana. Limbert alikuwapo pale, mikono mitupu. Hakuna aliyejua kama mikono ile ilikuwa mitupu tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyeshika miguu ya Saturnino walipomnyanyua kumpakia kwenye gari la mizigo kumpeleka mjini hospitali.

Nélida aliporudi kaburini kwa Rómulo, mama yake alikuwa ameshakusanya kila kitu ndani ya kitambaa. Mtu alikuwa amemwinamia sikioni na kumweleza.

"Ulijua," doña Primitiva alisema. "Ukajua, ukanyamaza, halafu ukaenda kumkinga."

Baada ya hapo hakusema neno tena, si njiani, si nyumbani, si kesho yake.

Saturnino alifariki wiki chache baadaye, bila kurudiwa na fahamu. Ushirika haukupeleka bendi mazishini. Mtihani ulifanyika, na kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Yovana alirudi Cerro Pardo siku moja tu, na shangazi yake wa Cochabamba, kuchukua nguo. Nélida aliwakuta kituoni wakisubiri basi, furushi moja tu miguuni, na upepo unawapeperusha sketi.

"Pole, binti yangu," alisema.

"Asante, Mwalimu."

"Nimezungumza na shule. Watakuruhusu ufanye mtihani huko uendako, mwezi wa Februari."

"Swali la dosari lilitoka?"

"Lilitoka."

"Wenzangu waliandika kiburi?"

"Wote. Isipokuwa Limbert. Yeye hakulijibu."

Yovana alitazama barabara. Basi lilikuwa linaonekana mbali, dogo, likipanda kwenye kona.

"Yovana, siku ile darasani," Nélida alianza. "Nilipaswa kumnyamazisha."

"Najua, Mwalimu." Hakusema kwa hasira. "Nilikuwa nakutazama kwenye kioo cha dirisha. Niliona ulivyotaka kusema, na nikaona ulivyoacha."

Shangazi alimwita. Alipanda, akakaa upande wa pili wa basi, ule usiotazama mji.

Nélida alirudi nyumbani na supu aliyokuwa ameinunua sokoni, maana mama yake alikuwa hapiki tena. Doña Primitiva alikuwa amekaa kitandani, nywele hazijasukwa. Alikuwa amekonda hata pete yake ya ndoa aliifungia uzi. Nélida aliketi karibu, akamlisha kijiko cha kwanza, cha pili. Kijiko cha tatu mama yake alikizuia kwa mkono.

"Alimwita nani?" aliuliza. Sauti ilikuwa imeota kutu kwa kukaa kimya. "Wanasema Rómulo aliita jina. Watu hawakubaliani. Wewe uliambiwa uso kwa uso. Aliita nani?"

Nélida alimtazama. Aliona jinsi mama yake alivyokuwa amejikaza kulipokea jibu, na akafikiri: angalau hili naweza kumpa.

"Alikuita wewe, mama."

Doña Primitiva hakulia. Alikaa akilitafakari, kama mtu anayehesabu nyuma, saa baada ya saa, mpaka akaifikia saa aliyokuwa akiitafuta.

"Mchana ule wa moto," alisema, "nilikuwa sokoni na Asunta. Alinisimulia kisa cha kasisi aliyebatiza punda. Nilicheka, Nélida. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, mpaka mwenye duka akaja kuuliza kuna nini." Aliweka mkono kifuani. "Mwanangu ananiita, na mimi nacheka."

"Mama, hukuweza kusikia. Ni mbali. Na tena, si kweli hasa, mimi—"

Lakini mama yake alikuwa ameshaweka miguu chini. Alitafuta viatu, akavivaa bila soksi. Alichukua shali msumarini.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nakwenda kumwitikia."

Alifungua mlango, akatoka kwenye jua kali lisilo na joto, akashika njia ya kupandia mgodini. Nélida aliliacha bakuli sakafuni, akamfuata nyuma. Hakuthubutu kumpita, na hakuthubutu kumwita.